Saratani ya puru: kwa nini mionzi hutangulia kisu

Majibu ya kinyama kilichokatwa kupimwa yametoka, ni saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ndugu wamechangishana, kiwanja kimeuzwa, mgonjwa amefikishwa hospitali ya rufaa akijua anakwenda kupasuliwa. Daktari anaangalia picha za MRI, mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, kisha anasema waanze na mionzi kwa wiki tano, wakae wiki nane au zaidi, ndipo wazungumzie upasuaji. Hapo kundi la WhatsApp la familia huwaka moto. Mmoja anasema hospitali imejaa, wanazungushwa. Mwingine anamjua daktari wa kulipia atakayepasua Ijumaa hii hii. Wa tatu amesoma kwamba Marekani kuna dripu inayoyeyusha saratani hiyo bila kisu wala mionzi.

Hofu yao ina msingi. Tumeambiwa miaka yote kwamba saratani ni ya kuwahi. Kinachochanganya ni kwamba kwa saratani hii mgonjwa anayeanza na mionzi ameshawahi, na zile wiki za kukaa nyumbani ni sehemu ya tiba yenyewe.

Kwanza tujue tunazungumzia wapi. Utumbo mpana una sehemu mbili ambazo mtaani huitwa kwa jina moja. Sehemu ndefu inazunguka tumboni kama fremu ya mlango. Sehemu ya mwisho, kama sentimita 15 hivi, inashuka ndani ya mifupa ya nyonga hadi kwenye njia ya haja kubwa, nayo ndiyo puru. Choo hukaa hapo kikisubiri kutoka. Wakenya wengi walianza kuzitaja saratani hizi waziwazi mwaka 2019, Mbunge wa Kibra Ken Okoth alipotangaza kwamba anaugua saratani ya utumbo, akafariki Julai mwaka huohuo akiwa na miaka 41. Lakini hata katika mazungumzo yale, utumbo wa tumboni na puru vilichanganywa, na hadi leo mtu atakuambia, “Mbona mama fulani alipasuliwa mara moja akapewa kemo (dawa za kuua saratani) baadaye?” Pengine mama huyo saratani yake ilikuwa juu, tumboni. Huko daktari ana nafasi ya kukata kwa upana kulia na kushoto, na mionzi haitumiki mara nyingi kwa sababu utumbo mwembamba uko jirani na hauivumilii.

Kwenye nyonga hakuna nafasi. Mbele ya puru kuna kibofu na tezi dume kwa mwanamume, uke na mfuko wa uzazi kwa mwanamke. Nyuma kuna mfupa. Pembeni hupita neva za mkojo na za tendo la ndoa. Puru lenyewe limefunikwa na mafuta yenye tezi ndogondogo za limfu, na saratani ikitoka kwenye ukuta wa puru, mara nyingi hapo ndipo inapoingia kwanza. Chembe ikibaki kwenye nyonga, itaota tena mahali pabaya: maumivu yasiyolala, mkojo kuziba, mguu kuvimba. Kurudi huko ndiko kulikowatesa wagonjwa wa zamani hata kuliko saratani ya kwanza.

Fikiria kung'oa mhogo kwenye udongo mkavu wa kiangazi. Ukivuta kwa nguvu unakatika, kipande kinabaki chini. Mkulima mwenye subira humwagia maji, akaacha yanywee, ndipo akavuta. Kumwaga maji baada ya mhogo kukatika kunasaidia kidogo tu, na kuvuta dakika ileile uliyomwaga maji ni sawa na kutomwaga. Mpangilio wa tiba ya puru unafuata akili hiyo: kulegeza kwanza, kusubiri, kisha kutoa kitu kizima.

Silaha ni tatu. Upasuaji hutoa kinachoonekana. Mionzi hutoka kwenye mashine na kulenga nyonga tu, haiendi kwenye ini wala mapafu. Mgonjwa haisikii inapopita, na akitoka chumbani hana mionzi mwilini, anaweza kumbeba mjukuu wake jioni ileile. Silaha ya tatu ni kemo, na hapa ndipo familia nyingi hupotea, kwa kuwa kemo ina kazi mbili tofauti. Kuna kemo ndogo inayokwenda sambamba na mionzi, mara nyingi vidonge vya capecitabine asubuhi na jioni, ambayo kazi yake ni kuzifanya seli za saratani ziumie zaidi zinapopigwa mionzi. Halafu kuna kemo kamili, mara nyingi yenye dripu ya oxaliplatin, inayozunguka mwili mzima kuwinda chembe zilizokwisha kutoroka. Mgonjwa aliyemeza vidonge wakati wa mionzi akiambiwa baadaye aanze kemo, hudhani anarudishwa mwanzo kwa sababu ya kwanza imeshindwa. Sivyo. Ya kwanza haikuwa na kazi hiyo.

Mpangilio huu haukubuniwa mezani. Mwaka 1982 daktari mpasuaji Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza namna ya kulitoa puru pamoja na mafuta yake yote yakiwa mzima, bila kuyachana. Wakati huo kansa kurudi kwenye nyonga lilikuwa jambo la kawaida. Wasweden wakajaribu kuongeza mionzi ya siku tano kabla ya upasuaji, na matokeo yao ya mwaka 1997, kwa wagonjwa zaidi ya 1,100, yalionyesha kwamba saratani ilirudi kwenye nyonga kwa 11 katika kila 100, dhidi ya 27 kwa waliopasuliwa tu. Basi, wakasema wenye shaka, hao walipasuliwa vibaya. Mpeni mgonjwa upasuaji wa Heald uone kama mionzi itahitajika. Waholanzi wakajaribu hivyo hasa. Mwaka 2001 wakatangaza kwamba hata kwa upasuaji mzuri, mionzi ya kabla ilishusha kurudi kwa ugonjwa ndani ya miaka miwili kutoka 8.2 hadi 2.4 katika 100.

Likabaki swali la ile familia ya WhatsApp: kwa nini mionzi isiwe baada ya kisu? Wajerumani ndio waliolijibu, mwaka 2004. Kundi moja lilipata mionzi na kemo ndogo kabla ya upasuaji, lingine tiba hiyohiyo baada. Baada ya miaka mitano ugonjwa ulikuwa umerudi kwenye nyonga kwa 6 katika 100 waliotangulia na mionzi, na 13 katika 100 waliotangulia na kisu. Madhara makali yalikuwa machache pia kwa waliotangulia na mionzi, 27 dhidi ya 40 katika 100. Idadi ya walioishi miaka mitano ilikaribiana, na hilo lisemwe bila kificho: faida kubwa ilikuwa kuzuia ugonjwa kurudi mahali pale na kupunguza mateso ya tiba. Kwa aliyewahi kumuuguza mtu mwenye saratani iliyorudi kwenye nyonga, hiyo si faida ndogo.

Sababu zake zinaeleweka. Mionzi huua vizuri penye oksijeni, na oksijeni huletwa na damu. Kabla ya kisu mishipa ya damu iko kamili; baada yake kuna kovu lenye damu haba. Pia puru likishatolewa huacha pango, na utumbo mwembamba huporomoka kulijaza. Ukipiga mionzi hapo unapiga utumbo mzima, na mgonjwa anaharisha hadi anakata tamaa. Ukitanguliza mionzi, sehemu kubwa ya utumbo uliochomwa hutolewa kwenye upasuaji, na kinacholetwa chini kuungwa ni utumbo ambao mionzi haikuugusa. Halafu kuna sababu ya kibinadamu kabisa: mtu aliyetoka kupasuliwa, kidonda kikiwa kinachelewa kufunga na ubavuni ana mfuko unaopokea choo kupitia tundu la tumboni, mara nyingi hana nguvu za kuanza safari nyingine ya wiki tano.

Dosari ipo. Katika utafiti huo wa Ujerumani, 18 katika kila 100 waliopangiwa kisu kwanza waligundulika, baada ya upasuaji, kwamba ugonjwa wao ulikuwa mdogo kuliko ulivyodhaniwa. Hao wangepigwa mionzi wangepigwa bure. Ndiyo maana leo MRI ya nyonga ina uzito kuliko kipimo kingine chochote katika kupanga tiba. Inaonyesha saratani imeingia kina gani, iko karibu kiasi gani na ukingo ambao mpasuaji atapita, na kama tezi zimeguswa. Saratani iliyo bado kwenye ukuta wa puru, bila tezi kuguswa, hupasuliwa moja kwa moja bila mionzi. Daktari anayependekeza kisu Ijumaa hii si lazima awe na tamaa ya fedha. Ila kama hajaona MRI, anapendekeza kwa kubahatisha.

Sasa kusubiri. Mionzi haiyeyushi seli siku hiyohiyo. Inaharibu vinasaba vyake, na seli nyingi hufa baadaye, pale zinapojaribu kugawanyika zikashindwa. Kwa hiyo uvimbe huendelea kusinyaa wiki nyingi baada ya mashine kuzimwa. Ratiba iliyozoeleka ni vipindi 25 hadi 28 vya mionzi, siku tano kwa wiki, kisha mapumziko ya wiki 6 hadi 12 hivi. Kurefusha zaidi ya hapo si lazima kuwe na faida: Wafaransa walipolinganisha wiki 7 na wiki 11, saratani haikuyeyuka zaidi kwa waliosubiri sana, na upasuaji wao ukawa mgumu zaidi.

Kuna ratiba ya pili, ile ya Wasweden: dozi kubwa tano kwa siku tano, kisha kupasuliwa ndani ya wiki moja. Hapo uvimbe haupati muda wa kusinyaa, lakini chembe za pembeni zinakuwa zimeshauawa. Au mgonjwa anaachwa apumzike, au apewe kemo kamili, halafu apasuliwe. Binafsi naiona ratiba hii ya siku tano kuwa zawadi kwa nchi zetu, na nashangaa haizungumzwi zaidi. Mgonjwa wa Kigoma au Mtwara anayetibiwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, lazima apange chumba au amlemee ndugu. Kati ya siku tano na wiki tano kuna tofauti ya kodi, ya nauli, ya shamba lililoachwa. Na mashine huharibika. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale hospitali ya Mulago, ilikufa, na nchi ikakaa zaidi ya mwaka mzima bila nyingine. Mionzi ya wiki tano ikikatizwa katikati, seli zilizobaki hupata nafasi ya kuzaliana, kwa hiyo mgonjwa asijikatie mwenyewe siku kwa sababu ya mazishi au mavuno bila kuwaambia wahudumu. Mara nyingi wanaweza kufidia wakijua mapema. Si kila mgonjwa anafaa kwa siku tano. Ila swali liulizwe.

Hofu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ingekuwa ya kitu ambacho familia hukifurahia. Wiki chache baada ya mionzi damu iliyokuwa ikitoka na choo inakata, choo kinatoka vizuri, mgonjwa anarudi kunenepa. Simu inapigwa kijijini: amepona. Tarehe ya upasuaji inapita, pengine kwa ushauri wa anayeamini kwamba kisu kikigusa saratani kinaisambaza. (Imani hii hutokana na wengi waliopasuliwa wakiwa wamechelewa, kilichowaua kilikuwa kimeshasambaa kabla ya kisu.) Miezi minane baadaye anarudi, na safari hii MRI inaonyesha kitu ambacho hakuna mpasuaji atakayekigusa. Damu kukata maana yake uvimbe umenywea. Haina maana kwamba umekwisha.

Wapo, hata hivyo, ambao umekwisha kweli. Daktari Angelita Habr-Gama wa São Paulo, Brazil, aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake walipofika siku ya upasuaji hakukuwa na kitu cha kukata, naye akaanza kuwaacha na puru lao na kuwafuatilia kwa karibu. Mwaka 2004 alitoa taarifa ya wagonjwa 265, na 71 kati yao walikuwa wa namna hiyo. Alipingwa sana. Leo njia yake inakubalika katika hospitali kubwa, na utafiti wa Marekani uliowapa wagonjwa mionzi pamoja na kemo kamili kabla ya kisu uliona kwamba kama nusu yao walibaki na puru lao baada ya miaka mitatu.

Kabla hujamtumia mgonjwa wako habari hii, soma masharti. Uvimbe uthibitishwe kutoweka kwa kidole cha daktari, kwa kamera na kwa MRI, vyote vitatu. Kisha vipimo hivyo virudiwe kila baada ya miezi michache kwa miaka, kwa sababu karibu robo yao uvimbe huota tena, wengi ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Ukionekana mapema, upasuaji bado unawezekana. Hayo ni mazuri kwa mtu anayeishi karibu na hospitali yenye kamera na MRI na mwenye bima inayolipa. Kwa mtu atakayerudi baada ya mwaka kwa sababu nauli haikupatikana, kupasuliwa kwa wakati ni salama zaidi, hata kama maana yake ni mfuko wa choo.

Kemo kamili, kwa miaka mingi, ilikuwa ikitolewa baada ya upasuaji. Tatizo ni lile lile la mionzi ya baadaye: wengi hawaimalizi, wengine hawaianzi. Na kwa kuwa nyonga sasa inadhibitiwa, wanaofariki wengi wanauawa na saratani iliyokwenda kwenye ini au mapafu. Ndipo likaja wazo la kuhamishia yote mbele: mionzi na kemo kamili, kisha upasuaji. Wafaransa wametanguliza kemo kali kabla ya mionzi; Waholanzi na Wasweden wameanza na mionzi ya siku tano ikafuatiwa na kemo ya miezi kama minne na nusu. Katika utafiti huo wa pili, waliokutwa hawana saratani hata chembe kwenye kipande kilichotolewa walikuwa 28 katika 100, mara mbili ya ratiba ya zamani. Kusambaa kwenda mbali nako kulipungua. Lakini walipofuatiliwa miaka mitano, saratani ilikuwa imerudi kwenye nyonga kwa 10 katika 100, dhidi ya 6 wa ratiba ya zamani. Kwa hiyo hakuna mpangilio mmoja ulio bora kwa wote, na madaktari wawili wazuri wanaweza kutofautiana bila mmoja wao kuwa mjinga. Jambo dogo la vitendo kuhusu oxaliplatin: kwa siku kadhaa baada ya dripu, maji baridi na hata kitasa cha chuma asubuhi huchoma vidole na koo kama umeme. Weka soda ya friji mbali.

Na ile dripu ya Marekani? Ipo. Inaitwa dostarlimab, haimo katika kundi la kemo, huuamsha ulinzi wa mwili. Mwaka 2022 hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, ilitangaza kwamba kwa wagonjwa 12 wa kwanza waliomaliza miezi sita ya dawa hiyo uvimbe wote ulitoweka, bila mionzi wala kisu. Kilichoachwa kwenye ujumbe unaosambazwa ni kwamba wote walikuwa na aina maalumu ya saratani, ambayo seli zake zimepoteza uwezo wa kusahihisha makosa ya vinasaba vyake. Aina hiyo ni kama 5 hadi 10 katika kila saratani 100 za puru. Dawa ni ghali mno. Bado, kipimo cha kuitambua aina hiyo hufanywa kwenye kinyama kilekile kilichokwisha kukatwa, na mgonjwa kijana hasa ana sababu ya kuuliza kama kimefanywa.

Kwa kijana kuna jambo jingine, na kwetu haya hulifunika. Mionzi ya nyonga husimamisha kazi ya ovari na kuharibu mfuko wa uzazi. Mwanamke wa miaka 30 anaweza kukoma hedhi moja kwa moja. Kwa mwanamume, mbegu na nguvu zinaweza kupungua. Kuna njia za kupunguza hasara, kama kuhifadhi mbegu au mayai, au kuzisogeza ovari juu kwa upasuaji mdogo, lakini zote zinafanyika kabla ya mionzi ya kwanza. Na kwa baadhi ya wagonjwa ambao uvimbe uko juu kidogo na haujabana ukingo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2023, wenye zaidi ya watu 1,100, ulionyesha kwamba kemo kamili ikisinyaza uvimbe vya kutosha, mionzi inaweza kuachwa kabisa bila kupoteza kitu miaka mitano baadaye. Kama mgonjwa hajazaa, daktari aambiwe. Asipoambiwa hatajua.

Dharura huvunja mpangilio wote. Utumbo ukiziba au kutoboka, mgonjwa hupelekwa chumba cha upasuaji usiku huohuo, na mara nyingi kinachofanywa ni kutoboa tundu tumboni ili choo kitoke kwenye mfuko. Saratani bado iko palepale. Ndugu wanaosema “ameshapasuliwa” na kwenda naye nyumbani wameondoka kabla tiba haijaanza. Baada ya kupata nafuu anatakiwa arudi kwenye foleni ileile ya MRI na mionzi.

Na aliyekwisha kutolewa puru bila mionzi, kwa sababu yoyote ile, hajapoteza kila kitu. Hata kwa Wajerumani, wengi wa waliotangulia na kisu ugonjwa haukuwarudia kwenye nyonga. Anachohitaji ni majibu ya maabara ya kipande kilichotolewa, kwa maandishi: kina cha saratani, ukingo ulikuwa safi au la, tezi ngapi zimekaguliwa na ngapi zina saratani. Tezi zilizokaguliwa zikiwa pungufu ya 12, jibu la “hazina kitu” haliaminiki sana. Karatasi hiyo ndiyo itakayoamua kama anahitaji kemo, mionzi, vyote au hakuna, na tiba hiyo ikihitajika inatakiwa ianze kidonda kikishafunga, ikiwezekana ndani ya wiki nane.